Saa Mbili Usiku, na Jua Bado Lipo

"Tunamkimbilia nani?"

Mume wangu aliniuliza hivyo tukiwa kwenye gati la Kadıköy, upande wa Asia wa jiji la Istanbul, nami nikiwa nimemshika mkono wa shati na kumvuta kuelekea kwenye kivuko kilichokuwa kikijiandaa kurudi ng'ambo. Simu yangu ilionyesha saa mbili na dakika tano usiku. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa ya mji wa kale, linatupiga usoni hata nikalazimika kukinga macho kwa kiganja. Watoto walikuwa wakiwafukuza njiwa, na mzee mmoja aliyekalia kiti cha kukunja alikuwa akimenya mbegu za alizeti bila haraka yoyote, ganda moja baada ya jingine. Hakuna aliyekuwa akitungoja popote. Watoto wetu walikuwa kwa bibi yao Marangu, duka lilikuwa limefungwa, na hoteli tuliyofikia haikuwa na saa ya kufunga mlango.

Nikamjibu: "Ni usiku huu, Baba Eliya. Twende."

Akatazama jua, akanitazama mimi, asiseme kitu.

Tumesharudi Moshi, mzigo wa nguo niliokwenda kuununua umeshafika na sehemu yake kubwa imeshauzwa, lakini swali lile bado linanijia, hasa ninapoanza kufungasha dukani. Nimelibeba kwa wiki kadhaa bila kumwambia mtu isipokuwa yeye, na nimeona afadhali niliandike.

Jumapili isiyo na soko

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiagiza nguo kupitia mwenzangu wa Kariakoo, kwa hiyo safari hii ilikuwa ya kwanza kwangu. Mume wangu ni mwalimu wa Jiografia. Shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa Juni, na alisema hawezi kuniacha nivuke bahari peke yangu. Mimi nadhani alitaka kuiona Bosphorus, ile bahari nyembamba inayotenganisha Ulaya na Asia, tangu siku ya kwanza alipoichora ubaoni, na sikuona ubaya wowote katika hilo.

Tulifika Jumapili. Anayeijua Laleli, mtaa wa wauza nguo wa Istanbul, anajua maana yake: maduka mengi ya jumla hufungwa siku hiyo, na Kapalıçarşı, lile soko kuu lenye paa, nalo hufungwa. Hivyo tukajikuta na jioni nzima mikononi, sisi wawili, katika jiji ambalo hakuna aliyetujua, bila kazi hata moja ya kufanya. Nilipojaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho tulipata jioni ya namna hiyo, sikuikumbuka.

Yeye alikuwa ameandika orodha yake kwenye karatasi ya daftari, na ya kwanza ilikuwa Hagia Sophia. Tulisimama uwanjani katikati yake na Msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita, akanieleza kwamba jengo lile lilikamilika mwaka 537 chini ya mfalme Justinian, likawa kanisa kwa zaidi ya miaka 900, likageuzwa msikiti Waothmani walipouteka mji mwaka 1453, likafanywa makumbusho mwaka 1935, kisha likarudi kuwa msikiti mwaka 2020. Tiketi ya mgeni ilikuwa euro 25, na kwa tiketi hiyo unapanda roshani ya juu tu. Nikapiga hesabu ya shilingi, ikakaribia elfu sabini kwa mtu mmoja, nikasema mimi nitalitazama kwa nje.

Kusema kweli hata kwa nje sikulitazama sana. Nilikuwa natazama mishono. Wanawake walikuwa wakipita na suti za kitani zilizokatwa vizuri mno begani, na kuna abaya moja ya rangi ya zeituni ambayo pindo lake la mkono lilishonwa kwa uzi wa rangi ileile, mishono midogo inayolingana, kiasi kwamba nilimfuata mwenyewe hatua chache ili nihakikishe kama ni kazi ya mkono au ya mashine. Ilikuwa ya mashine, lakini ya fundi anayejiheshimu. Mume wangu alipogeuka kunieleza jambo kuhusu kuba, hakunikuta.

Kwa hiyo waliotembea Istanbul jioni ile ni watu wawili katika miji miwili, na mpaka hapo nadhani kila mmoja wetu alikuwa na raha yake.

Ng'ambo

Tuliteremka kwa tramu hadi Eminönü, tukapanda kivuko cha Kadıköy. Kwa anayelijua pantoni la Kigamboni, hapa tofauti ni kwamba watu hawasongamani kutangulia kutoka. Wanakaa, wananunua chai, na wengine wanawarushia shakwe vipande vya simit, ile mikate ya duara yenye ufuta. Chai huja kwenye bilauri ndogo iliyobanwa kiunoni, haina maziwa, na huwezi kuishika pembeni kwa jinsi inavyounguza. Unaishika ukingoni kwa vidole viwili. Nyuma yetu lilikuwa Daraja la Galata, wavuvi wamejipanga juu yake na fimbo zao ndefu za ndoano.

"Tumevuka bara," mwalimu akatangaza tulipokaribia upande wa pili, kwa sauti ya mtu aliyelivuka kwa miguu.

Kisha akanionyesha Haydarpaşa, kituo cha reli kilichojengwa na Wajerumani kando ya maji, mapema karne iliyopita, karibu miaka ileile ambayo Wajerumani walikuwa wakiileta reli yao kutoka Tanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Alifurahi kupita kiasi kuona kwamba jengo lile na stesheni yetu ni watoto wa zama moja. Nami nilifurahi kwa sababu alikuwa amefurahi, jambo ambalo nililigundua baadaye kuwa halikuwa limetokea kwa muda.

Tukala samaki, tukazunguka mitaani, tukarudi ufukweni. Ndipo nilipotazama simu.

Saa isiyobadilika

Nimejiuliza sana kwa nini tarakimu zile zilinishtua kiasi kile. Sababu mojawapo ni kwamba Tanzania na Uturuki zina saa moja. Hatukuisogeza mbele wala kuirudisha nyuma tulipotua, na saa mbili ya pale ilikuwa saa mbili ya Moshi kwa dakika zake zote. Kama ingebadilika, labda mwili wangu ungejua kwamba tuko kwingine na ungengoja kuelekezwa. Ulipoona saa ni ileile, ukadai na giza lije vilevile.

Mume wangu alikuwa na maelezo yake. Moshi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, Istanbul iko nyuzi 41 kaskazini. Mwezi wa Juni mchana wa huko unafika saa 15, na jua linazama kama saa mbili na dakika arobaini usiku. Alichora tufe hewani kwa kidole. Nilimwambia ninaamini, ila tuondoke.

Niliporudi nyumbani, usiku mmoja nilipokosa usingizi, nikasoma jambo ambalo angelijua siku ile angelizungumza mpaka asubuhi. Waothmani nao walihesabu saa kama sisi. Jua linapozama ni saa kumi na mbili, na saa inayofuata ni saa moja. Lakini jua lao halitulii: Desemba linazama mapema, Juni linachelewa kwa takriban saa tatu zaidi, kwa hiyo mwenye saa ya mfukoni alilazimika kuirekebisha kila mara ili iendane na magharibi. Kando ya misikiti mikubwa kulikuwa na vyumba vya watunza wakati, na mpita njia aliweza kusimama pale kuiseti saa yake kisha akaendelea na safari. Mwanzoni mwa mwaka 1926 serikali mpya ya Ankara iliufuta utaratibu huo, wakaanza kuhesabu kutoka usiku wa manane kama Ulaya.

Sisi hatujawahi kuhitaji chumba cha namna hiyo. Moshi, kutoka magharibi ya mapema kabisa ya mwaka hadi ya mwisho kabisa, tofauti haifiki saa nzima. Ndiyo maana twaweza kusema "saa kumi na mbili jioni" na kila mtu akaona mwanga wa aina moja akilini. Saa yetu ni ya kweli mradi usiipeleke mbali, nami niliipeleka mpaka Kadıköy nikaitaka inipe giza.

Funguo

Hatukuondoka. Yeye alikwenda kukaa kwenye mawe ya ufukweni, na kwa kuwa kadi ya kivuko ilikuwa mfukoni mwake, mimi nikamfuata.

Jirani zetu walikuwa familia yenye mtoto mchanga kwenye kigari na bibi mwenye termosi kubwa. Alizeti tena: wao wanaimenya na kuitafuna, sisi tunaikamua mafuta na mashudu tunawapa ng'ombe. Kwa muda tulizungumza habari za mzigo: bei ya kilo kwa wakala, ukubwa upi wa suruali unaisha haraka Moshi, kwa nini nisichukue tena zile blauzi za satini. Mazungumzo hayo yakaisha. Jua bado lipo. Tukakaa kimya, na kimya kile kilinisumbua kuliko saa; nikawa nakunja na kukunjua tiketi ya tramu ambayo haikuwa na kazi tena.

Kisha akasema, akiwa anatazama maji, kwamba amechoka na tuisheni.

Nikamwambia najua. Kila siku akirudi husema amechoka.

Akasema hapana, sijui. Kwamba hachoki mwili. Kwamba tangu mwaka jana, anapomaliza vipindi vya shule na kuingia kwenye kile chumba cha kukodi kufundisha mambo yaleyale kwa watoto walewale, ambao sasa wamelipia, anajiona kama mtu anayeficha bidhaa chini ya meza ili aiuze kwa bei ya juu. Na kwamba hajui aache vipi, maana fedha ile ina kazi zake. Alizungumza kwa muda mrefu. Mimi, ambaye nimelala naye chumba kimoja miaka yote hii, nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza.

Alikuwa katikati ya sentensi adhana ilipoanza. Ilianza msikiti mmoja nyuma yetu, mwingine ukajibu, na wakati jua likiwa linaingia nyuma ya makuba na minara ya ng'ambo tulikotoka, sauti zilikuwa zinatoka pande zote. Nikasimama. Sikuamua kusimama, nilijikuta nimesimama, mkono mmoja ndani ya mkoba, na vidole vimeshika funguo za fremu.

Nilikuwa nimekwenda na funguo za duka Istanbul.

Wenye maduka karibu nami mjini watanielewa. Msikiti uko nyuma ya mtaa wetu, na ingawa mimi ni Mlutheri, adhana ya magharibi ndiyo saa yangu: ikianza naingiza midoli ya nje, muadhini anapomaliza nakuwa nahesabu mauzo, na kabla giza halijakolea kufuli zote zimepigwa. Kadıköy nilikuwa nimeingojea adhana hiyo kwa saa mbili nzima bila kujua. Mume wangu alipoziona funguo mkononi mwangu alicheka mpaka bibi mwenye termosi akageuka, na mimi nikacheka. Alichokuwa anakisema hakukimalizia.

Giza na mwenyewe

Nilipomweleza baadaye kwamba swali lake linanisumbua, yeye aliona jambo ni dogo: mgeni yeyote mjini kwa watu huwa na hofu usiku ukikaribia. Maelezo hayo yana ukweli wake. Anayefunga duka na mauzo ya siku kwenye mkoba hawezi kulichukulia giza kama mchezo, na bodaboda wa saa moja na nusu hatozi nauli ya saa kumi na moja.

Lakini pale gatini sikuwa na hofu. Na tena, kama ni giza, mbona yeye halimrudishi? Akitoka tuisheni hupitia kijiweni, wanazungumza siasa na mpira, anafika nyumbani saa tatu, na hakuna siku nimemwona akitazama anga kwa wasiwasi. Tunaishi mji mmoja wenye magharibi moja, ila mimi ndiye ninayefungiwa nayo.

Kwa siku kadhaa nililaumu malezi. Kwetu Marangu msichana aliyekutwa na giza njiani aliulizwa maswali, kaka zake waliulizwa kama wameshakula. Nikaridhika na jibu hilo, kisha nikaliona linanipendelea mno. Wazazi hawakuwapo Kadıköy.

Nikafikiri kwamba nilikuwa nakimbilia kazi. Jioni kwangu ni kupika, kukagua madaftari ya shule, kuloweka maharage ya kesho, na mwili uliozoea kuhitajika saa fulani huondoka wenyewe saa hiyo ikifika. Hilo nalikubali kuliko mengine. Ila kuna wazo jingine ambalo sikulipenda lilipokuja na silipendi ninapoliandika: kwamba labda sikuwa nakimbilia kitu chochote. Labda nilikuwa nakikimbia kile kimya cha pale kwenye mawe, kabla hata hatujakaa. Wanandoa wenye kazi nyingi hawapati nafasi ya kugundua kwamba habari zimewaishia, kwa sababu giza huwawahi, na kukikucha kuna mzigo wa kuzungumzia.

Sijui uzito wa kila sababu. Najua tu kwamba alichoniambia kuhusu tuisheni alikisema baada ya mazungumzo ya mzigo kuisha na mimi kukosa pa kwenda.

Tangu turudi nimekuwa nikiwatazama wageni wetu kwa jicho jingine. Huwa wanafika uwanja wa ndege wa KIA, wanaletwa hotelini, na jioni yao ya kwanza wanateremka wawili wawili kupitia mzunguko wa Mnara wa Saa na Double Road, shingo zimeelekea kaskazini, wanautafuta mlima. Jioni ndiyo saa ambayo mawingu huachia na kilele cha Kibo hujitokeza, na ndiyo saa ambayo mimi nimeinama nahesabu noti. Fremu yangu hata hivyo imeupa mlima mgongo. Hivi karibuni mume na mke wa makamo waliingia dukani kutazama vitenge kukiwa bado na mwanga. Walichagua taratibu, wakabishana kidogo kuhusu rangi, wakalipa, na walipofungua mlango wakakuta usiku. Walisimama kizingitini wametoa macho. Kwao, nadhani, jioni ya kwanza ilikuwa bado haijaanza, na kwetu ilikuwa imeshakwisha. Zamani ningewaona washamba. Safari hii niliwaitia teksi ya dereva ninayemfahamu, nikasimama nao mpaka ikaja, na mwanamke yule alikuwa amemshika mumewe mkono wa shati.

Jumatano

Nilimpelekea Baba Eliya pendekezo: Jumatano nifunge duka saa kumi na moja, naye siku hiyo asiende tuisheni wala kijiweni, tutoke. Pa kwenda si lazima pawe mbali. Kuna njia ya Rau kuelekea msituni, kuna Shanty Town yenye miti, na mwanga wa muda wa saa moja na nusu tutakaokuwa nao si wa Juni ya Istanbul lakini ni mwanga. Nilitarajia apinge. Alikubali haraka kuliko nilivyopenda, na ugumu ukaanza hapo.

Kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba, na wazazi wameshalipa. Hawezi kuondoa siku moja sasa bila kuwarudishia fedha ambazo tayari zimelipa nauli ya shule ya Eliya. Upande wangu, kati ya saa kumi na moja na magharibi ndipo wafanyakazi wa ofisini wanapopita. Nimepitia daftari la mauzo: Jumatano si Ijumaa, lakini muda ule hubeba sehemu ya siku nisiyoweza kujifanya siioni.

Akasema nimwachie dada wa dukani afunge.

Msichana huyu anaishi Pasua, na kwa utaratibu wa sasa ninamruhusu aondoke nusu saa kabla yangu ili afike kwao kukiwa na mwanga. Tukifanya hivyo, Jumatano mimi nitakuwa Rau na mume wangu tunatazama mlima, na yeye ndiye atakayeingiza midoli adhana ikilia, apige kufuli na kwenda stendi gizani na mauzo yangu. Nilimuuliza. Alisema hana neno, mradi nimlipie bodaboda mpaka mlangoni kwao na fedha za mauzo zibaki kwenye sefu ya jirani. Mume wangu anaona sharti hilo ni la haki na jambo limekwisha. Mimi nimemwomba dereva wa bodaboda wa pale kona anipe bei ya mwezi, na nimemwambia dada anipe jibu lake tena wiki ijayo, nisipokuwa nimesimama mbele yake na funguo mkononi.